Utani Usio na Kaburi

Mtu akisema mtandaoni kwamba kwao ni Thika, haulizwi habari za viwanda. Huulizwa habari za nanasi. Picha huja upesi: kijana anatimua mbio, nanasi kwapani, mbwa wa mlinzi nyuma yake, na juu ya picha maneno ya kuomba apelekwe Olimpiki. Mashamba ya kampuni ya Del Monte yametandaa nje ya mji kuelekea Murang'a, na mzaha wa wezi wa mananasi wanaokimbizwa humo umezungushwa hata umekuwa kama kitambulisho cha mji.

Mnamo Juni 2023 gazeti la The Guardian la Uingereza, pamoja na shirika la Bureau of Investigative Journalism, lilichapisha uchunguzi uliokusanya madai ya wakazi kwamba walinzi wa shamba hilo walikuwa wakipiga watu, wengine hadi kufa. Duka kuu la Tesco likasimamisha ununuzi wa bidhaa zake. Desemba mwaka huohuo, katika siku za Krismasi, miili ya wanaume wanne ilitolewa mtoni karibu na shamba. Iliripotiwa kwamba walikuwa wamekwenda kuchukua mananasi. Kampuni ilikana kuhusika na vifo hivyo, na mwaka 2024 kazi ya ulinzi ikakabidhiwa kampuni nyingine, G4S.

Habari ilipotoka, wasomaji wengi wa Kenya hawakushtuka kama walivyoshtuka wale wa London. Walikuwa wameisikia zamani, ikiwa imevaa kicheko. Mbwa, walinzi, mbio, kipigo: vyote vilikuwemo ndani ya mzaha. Mzaha huo uliyajua mambo kabla ya gazeti kuyajua, na kwa kuwa ulikuwa mzaha, hakuna aliyeitwa kutoa maelezo. Hapo pana swali ambalo padri, shehe na mwalimu wa falsafa wangeweza kulikalia jioni nzima bila kulimaliza: aliyecheka alikuwa shahidi?

Picha na maneno ya namna hii siku hizi huitwa mimu. Neno hilo lilibuniwa mwaka 1976 na Richard Dawkins, mwanabiolojia wa Uingereza, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kuiga. Alitaka jina la wazo linalojizalisha kutoka kichwa kimoja hadi kingine kama jeni zinavyojizalisha kutoka mwili hadi mwili. Kenya ilipata mimu yake ya kwanza kubwa Machi 2010, kundi la Just a Band lilipotoa video ya wimbo wa "Ha-He" yenye shujaa aitwaye Makmende. Jina lenyewe lilikuwa zao la kuiga kulikoharibika njiani: watoto wa mitaa ya Nairobi walisikia maneno ya Clint Eastwood kwenye filamu, wakayatamka walivyoweza, na kutoka humo akazaliwa Makmende, mtu ambaye hakuna kinachomshinda.

Lakini Thika ilikuwa na mimu kabla ya intaneti na kabla ya Dawkins. Mugo wa Kibiru, mwaguzi wa Wakikuyu, anasimuliwa kuwa alitabiri kwamba utawala wa wazungu ungekwisha siku mti fulani wa mugumo pale Thika utakapoanguka. Maneno yakatembea kwa mdomo, soko hadi soko, hadi yakaingia katika masikio ya wakoloni. Simulizi huendelea kwamba wakoloni hao waliuzungushia mti ule pete ya chuma ili usimame. Radi ikaupasua mwaka 1963, mwaka wa uhuru, na mahali pale leo panaitwa Bustani ya Mugumo. Wanahistoria wana haki ya kubishana kuhusu maneno aliyoyatamka Mugo. Cha kufurahisha ni hiyo pete: serikali isiyoamini uaguzi ilitoa pesa ikanunua chuma. Neno likishasambaa vya kutosha, hata asiyeliamini hulazimika kuishi nalo.

Ndiyo maana hoja ya kwamba mimu "ni kioo tu" haitoshi. Kioo hakimfanyi mtu anunue chuma.

Ruiru, mji jirani wa Thika, inaonyesha jambo hili kwa namna nyingine. Mwaka 2009 mji huo ulihesabiwa watu 238,858. Katika sensa ya 2019 walikuwa 490,120, na Ruiru ikawa ya nne kwa ukubwa nchini, ikizipita Eldoret na Kisumu. Katikati ya sensa hizo mbili, Novemba 2012, Rais Mwai Kibaki alifungua barabara kuu ya Thika, kama kilomita 50 za lami pana, na mashamba ya kahawa yakaanza kuota magorofa. Mji uliojulikana kwa mbuni wa Ruiru 11, uliotolewa na kituo cha utafiti cha hapo mwaka 1985, sasa unajulikana kwa nyama choma ya Kamakis na vyumba vya bedsita. Watu robo milioni waliingia katika miaka kumi, wengi wao hawajuani hata majina. Jirani wa ghorofa ya tatu hujulikana kama Mama Brayo, na baada ya jina la mtoto swali linalofuata ni lilelile: kwani wao ni wa wapi?

Jibu likipatikana, mengine yote hudhaniwa kuwa yanajulikana. Kabila moja linapenda pesa, jingine linapenda sifa, la tatu halishibi ugali, la nne lina dawa za kienyeji, la tano hasira zake ziko karibu, watu wa pwani wamelala. Hakuna Mkenya asiyeweza kuijaza orodha hii kwa majina bila kusaidiwa. Ni dhana zilizoganda, na mimu ndiyo barafu yake: picha moja, sentensi moja, hakuna nafasi ya "lakini". Wakikuyu wenyewe wanagawana zao, Nyeri wakipewa wanawake wanaopiga waume na Kiambu wanawake wanaowinda urithi.

Kuna kichekesho ndani ya kichekesho. Kigikuyu hakina sauti ya l, na wazee waliojifunza Kiswahili na Kiingereza ukubwani wengi huzichanganya r na l. Vijana huita kosa hilo kushrabu. Watoto waliozaliwa Ruiru, wanaoota ndoto zao kwa Sheng, wengi hawachanganyi sauti hizo hata kidogo. Lakini wakitengeneza video za TikTok humwigiza mama wa sokoni anayeshrabu, na kwa kufanya hivyo wanaitunza lafudhi ambayo vinywa vyao vimeshaiacha. Mimu hapo inahifadhi sura ya mtu ambaye mjini anapungua kila mwaka, na mtazamaji wa Kisumu au Mombasa anaamini kwamba ndivyo wanavyozungumza watu wa Ruiru hadi leo.

Githurai nayo haijapona. Jina la mtaa limefungwa kwenye nambari za mabasi, 44 upande wa Nairobi na 45 upande wa Ruiru, na mtandaoni nambari hizo humaanisha jambo moja: shika simu yako. Mamia ya wachuuzi wanaouza viatu na nyanya pale kando ya barabara hadi usiku mnene hawaonekani katika picha hiyo. Si ajabu kumsikia kijana anayetafuta kazi akisema anaishi "karibu na Kahawa Sukari".

Je, watu wa zamani hawakutaniana kikabila? Walitaniana sana, na kwa ukali ambao leo ungemtoa mtu kazini. Tanzania ndiyo shule kubwa ya somo hili. Wanyamwezi na Wasukuma walifanya utani na Wazaramo na watu wengine wa pwani, uhusiano unaohusishwa na misafara ya biashara. Wangoni walipata watani miongoni mwa watu waliowahi kupigana nao. Mwanaanthropolojia A. R. Radcliffe-Brown aliandika kuhusu uhusiano wa namna hii mwaka 1940, akauona kuwa njia ya kuwaweka pamoja watu ambao wana sababu ya kuungana na sababu ya kugombana kwa wakati mmoja. Hata mashabiki wa Simba na Yanga huitwa watani wa jadi, na neno hilo halikuchaguliwa ovyo.

Jambo ambalo wengi husahau ni kwamba utani ulikuwa na kazi, na kazi yake kubwa ilikuwa msibani. Mtani ndiye aliyefika kwenye kilio bila kuitwa. Alimwigiza marehemu, akawachekesha wafiwa walioapa kutocheka, akaweza hata kuingia kaburini na kukataa kutoka mpaka apewe chochote. Alisaidia kuchimba, kupika, kuzika. Haki yake ya kukutukana ilikuwa imelipiwa na wajibu wake wa kukuzika. Aliyekuita mchawi Jumatatu alijua kwamba Alhamisi anaweza kuwa ameshika jembe juu ya kaburi la mama yako, ukimtazama.

Mimu haimdai mtu jembe. Aliyeitengeneza hajulikani, aliyeituma amekwisha kuisahau, aliyeipokea amecheka akaipitisha. Waswahili wanasema aliye kando haangukiwi na mti. Mtandaoni kila mtu yuko kando.

Dini mbili kubwa za eneo hili zimelifikia swali hili kwa njia tofauti. Katika Uislamu, Suratul Hujurat, aya ya 11, inakataza waziwazi watu wa jamii moja kuwadhihaki wa jamii nyingine, kwa hoja kwamba huenda wanaodhihakiwa ni bora kuliko wao, na inakataza kuitana majina ya kuudhi. Aya inayofuata ndiyo yenye picha ya kutisha ya msengenyaji kama mtu anayekula nyama ya nduguye aliyekufa. Imamu al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliupanua usengenyaji kupita ulimi: kumwigiza mtu anavyochechemea ni kusengenya, kuandika ni kusengenya, na anayesikiliza kwa kufurahia ni mshirika. Mtu akisoma hayo leo huku kidole kiko juu ya kitufe cha kutuma, ataona kwamba mwanachuoni huyo wa miaka mia tisa iliyopita alikuwa ameshafika.

Hata hivyo al-Ghazali alitenga jambo moja: kusengenya kunahitaji mtu maalumu anayejulikana. Kusema "kuna watu wanafanya hivi" bila kumtambulisha yeyote si usengenyaji. Hapo ndipo mimu ya kabila inapojificha. Haina jina, kwa hiyo haina mlalamikaji. Ukimwambia aliyeituma kwamba umeumia, jibu liko tayari: kwani ni wewe nimekutaja? Ni dhihaka inayomgusa kila mmoja bila kumgusa yeyote, na pengine ndiyo sababu aya ya 11 ilihitajika peke yake, kando ya ile ya 12.

Wakristo, walio wengi Thika na Ruiru, wanao Waraka wa Yakobo, sura ya 3, unaoufananisha ulimi na moto mdogo unaochoma msitu. Fananisho hilo limehubiriwa sana hata limepoa. Lina ukali wake bado katika jambo moja: moto wa msituni haumkumbuki aliyeuwasha. Mwanafalsafa Mfaransa Henri Bergson, akiandika kuhusu kicheko mwaka 1900, alisema kwa maana hiyohiyo kwamba ili mtu acheke, moyo lazima utiwe ganzi kwa muda. Daktari wa meno hutia ganzi pia, ila yeye huwa na sababu, na ganzi yake huisha saa ya chakula cha mchana.

Lakini kabla ya kuihukumu simu, ni vyema kuangalia kikundi cha WhatsApp cha wapangaji wa ploti moja pale Ruiru, Kihunguro au Kimbo. Asubuhi mtu anatuma picha ya kuwacheka Wakamba na uchawi. Mkamba wa chumba namba saba anajibu kwa picha ya Mkikuyu anayefufuka katika jeneza baada ya kusikia sarafu ikianguka. Hicho ni kichekesho kikongwe, na bado kinafanya kazi. Watu wanacheka. Jioni kikundi hichohicho kinapokea habari ya msiba, na chini yake nambari ya M-Pesa na orodha: fulani 500, fulani 200, fulani atatuma mwisho wa mwezi. Jumamosi wawili watatu wanapanda gari hadi Kitui kuzika. Aliyetuma picha ya uchawi yumo garini.

Huo ni utani kamili, wenye kaburi lake. Picha ileile ikivuka kutoka kikundi hicho hadi kwa watu 40,000 wasiojua chumba namba saba kiko wapi, haijabadilika hata nukta, na imekuwa kitu kingine. Wanaotafuta uovu ndani ya picha yenyewe wanatafuta pasipo. Upo au haupo katika deni lililo kati ya anayecheka na anayechekwa.

Serikali hutafuta ndani ya maneno, kwa sababu sheria haina pengine pa kushika. Sheria ya Utangamano na Uwiano wa Kitaifa ya mwaka 2008 ilizaliwa na damu ya uchaguzi wa 2007, na tume iliyoundwa chini yake ilitoa Aprili 2022 orodha ya maneno ya chuki. Yalikuwemo "madoadoa", "mende", "wabara", na pia "hatupangwingwi", lililokuwa likichezwa kwenye mikutano ya kampeni. Wengi walicheka orodha hiyo, na siku ileile ikawa mimu.

Lakini lilikuwemo neno moja ambalo halichekeshi ukikumbuka lilikopita. "Kihii" ni neno la Kigikuyu la mvulana asiyetahiriwa, na kwa miaka mingi lilitumiwa kama mzaha wa kuwadharau Wajaluo, kwamba wasiotahiriwa hawawezi kutawala. Tume ya Jaji Philip Waki, iliyohesabu vifo 1,133 vya ghasia zile, iliandika pia visa vya wanaume Wajaluo waliokamatwa Naivasha na Nakuru wakatahiriwa kwa nguvu barabarani, kwa panga na vipande vya chupa. Waliofanya hivyo hawakubuni kitu. Walichukua kichekesho walichokikuta wakakitenda. Mzaha mzaha hutumbuka usaha, wazee walisema. Hawakusema usaha huo hutumbuka katika mwili wa nani.

Upande wa pili wa sarafu ni mashahidi wanaogeuzwa muziki. Kijana mmoja wa mitaani aliyehojiwa Ngara, Nairobi, alieleza mbele ya kamera jinsi polisi walivyompiga risasi mtu kisha wakamwekea bunduki bandia, "bonoko". Maneno yake yalitiwa mdundo, nchi ikacheza. Yeye akaitwa Bonoko, akapata kazi katika Ghetto Radio, na kwa hilo wengi walisema mwisho ulikuwa mwema. Waliokumbuka kuuliza habari za aliyepigwa risasi walikuwa wachache. Wengine hugeuzwa picha: mwaka 2017 mpiga kura wa Kayole aliyepigwa picha akila githeri kwenye mfuko wa plastiki, foleni ya tarehe 8 Agosti, alipewa zawadi na hata nishani ya serikali. Siku ishirini baada ya kura hiyo mifuko ya namna hiyo ilipigwa marufuku Kenya nzima.

Mimu iliyotikisa nchi kuliko zote ilitoka katika Biblia. Rais William Ruto alipopandisha kodi ya mafuta kutoka asilimia 8 hadi 16 na kuanzisha tozo ya nyumba mwaka 2023, alibatizwa Zakayo, yule mkuu wa watoza ushuru wa Luka 19. Juni 2024, vijana walipoingia barabarani kupinga Mswada wa Fedha, wimbo ulikuwa mmoja: Zakayo ashuke. Tarehe 25 Bunge lilivamiwa mchana, na usiku risasi zikasikika Githurai, mtaa uleule wa vichekesho vya simu. Kesho yake mswada uliondolewa. Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu ilihesabu watu 39 waliokuwa wamekufa kufikia mwanzo wa Julai. Safari hii waliocheka walikuwa wamesimama pale pale penye makaburi.

Katika makanisa ya Thika habari ya Zakayo ina utamu wake wa pekee. Biblia ya Kiswahili inasema alipanda mkuyu, na Wakikuyu wanasimuliwa kuwa walipata jina lao kutoka kwa mti huohuo, mũkũyũ. Mimu ilichukua mti, ufupi wa mtu, na kodi, ikaacha kilichobaki. Katika Luka, Zakayo anashuka kwa furaha, anaahidi nusu ya mali yake kwa maskini na kuwarudishia mara nne aliowadhulumu. Anayenung'unika ni umati. Umati ulikuwa umeshamjua Zakayo: mtoza ushuru ni mtoza ushuru, na mgeni mwenye heshima hawezi kula kwake. Hata jina lake, ambalo kwa Kiebrania lina maana ya msafi, lazima lilikuwa kichekesho pale Yeriko.

Kuelekea mwisho wa 2024 Zakayo alipumzishwa kidogo, na rais akapewa jina jipya, Kasongo, kutoka kwa wimbo wa Orchestra Super Mazembe, bendi ya Wakongo iliyoweka makao Nairobi katika miaka ya sabini. Yeye mwenyewe alilitania jina hilo hadharani. Matatu za Thika zilipiga wimbo huo hadi madirisha yakatetemeka, abiria wakiitikia jina na kuimumunya Lingala iliyofuata. Wengi wao hawakujua kwamba ni sauti ya mke aliyeachwa, anayemsihi mumewe arudi nyumbani.